Saa 10 za kwanza za injini mpya ya boti

Injini mpya inapofungwa kwenye tezi (nyuma) ya boti pale Shangani au Mikindani, mkoani Mtwara, watu hukusanyika ufukweni wakitaka kuona inavyokimbia, na mwenye boti mara nyingi huwaridhisha. Asiwaridhishe. Ringi za pistoni na kuta za silinda, hata zikiwa zimechongwa kwa ustadi, huwa na mikwaruzo midogo ambayo haina budi kusuguana polepole mpaka vyuma vizoeane. Zikipata joto kali kabla ya hapo hukwanguana, na injini huanza kupoteza nguvu mapema.

Maelezo haya yanahusu hasa injini za mipigo miwili zinazochanganyiwa mafuta kwa mkono. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho, lakini kwa aina nyingi mchanganyiko wa saa 10 za kwanza ni sehemu 25 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli, na baada ya hapo oili hupunguzwa hadi nusu lita. Oili iwe ya injini za boti, yenye alama ya TC-W3. Oili ya bodaboda, ambayo huuzwa kila kona na kwa bei nafuu, imetengenezwa kwa ajili ya injini za mipigo minne na haifai hata kidogo kuchanganywa na petroli.

Chagua siku ya maji matulivu ndani ya ghuba ya Mikindani, au kwa walio Lindi, ndani ya ghuba upande wa Kitunda, badala ya kutoka bahari kuu wakati kusi inavuma, kwa sababu mawimbi yatakulazimisha kuvuta resi usiyoikusudia. Nyavu na barafu viache nchi kavu ili boti iwe nyepesi. Kwa dakika 10 za mwanzo iache injini iende kwa mwendo wa chini kabisa, kisha kwa dakika 50 zinazofuata usizidishe nusu ya resi. Katika saa ya pili unaweza kufungua resi yote kwa dakika moja hivi, halafu urudi robo tatu au chini yake kwa dakika 10, na kuendelea kubadilisha mwendo namna hiyo. Kuanzia saa ya tatu hadi ya 10, resi yote isizidi dakika 5 kwa mkupuo. Saa hizo ziandike daftarini, kwani kumbukumbu ya baharini hudanganya.

Kila unapowasha, tazama kwanza mchirizi wa maji ya kupozea unaotoka kando ya injini. Usipouona, zima mara moja uchunguze kama mchanga au mwani umeziba njia. Usiwashe injini ikiwa nje ya maji kwa lengo la kuijaribu tu, maana mpira wa pampu ya maji huungua kwa muda mfupi mno.

Baada ya safari, chumvi isilale ndani. Tumbukiza mguu wa injini (sehemu ya chini yenye propela) kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi yanayofunika matundu ya kuvutia maji, ondoa propela, kisha iache iungurume bila gia kwa dakika 10 hivi. Najua maji hayo huenda yamenunuliwa kwa ndoo, lakini kubadilisha bloku iliyoliwa na chumvi ni ghali zaidi. Ukiishusha injini, isimamishe wima mpaka maji yote yachuruzike, na unapoibeba kichwa kisiwe chini kuliko mguu, kwa kuwa maji yaliyobaki yanaweza kuingia kwenye silinda.

Saa 10 zikitimia, mwaga oili ya gia kwa kufungua skrubu ya chini na ya juu, kisha jaza mpya kupitia tundu la chini mpaka ichomoze juu; baadaye ibadilishe kila baada ya saa 100. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yamepenya kwenye sili, yaani mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Kwa wavuvi, chanzo mara nyingi ni uzi wa mshipi au wa wavu uliojisokota nyuma ya propela na kuikata sili hiyo, hivyo propela ivuliwe mara kwa mara, shafti isafishwe na kupakwa grisi ya majini kabla ya kuirudisha.