Kabla Hujanunua Eksirei au Ultrasaundi: Kulisoma Soko la Dunia Ukiwa Mombasa

Sista mmoja, muuguzi mstaafu mwenye kliniki kule Kisauni, alinitumia picha tatu kwa simu. Ultrasaundi nyeupe, skrini safi, magurudumu bado yana meno. Chini yake akaandika: "Fundi, dalali anataka laki nne tu. Nimtumie?"

Nikamjibu, "Sista, usitume hata senti. Kwanza nipigie picha ya kichwa cha probu, pale inapochomekwa kwenye mashine."

Probu ni kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi. Picha ilipofika nikaikuza. Pini za plagi zilikuwa zimeota ile kutu ya kijani ambayo kila fundi wa Pwani anaijua, na plagi yenyewe ilikuwa ya aina ya zamani. Nikatafuta probu ya tumbo ya modeli ile. Mtengenezaji alishaacha kuitoa. Zilizobaki ni za mtumba, na moja iliyo nzima bei yake ilikaribia nusu ya bei ya mashine. Mashine ile ingewaka na picha ingetoka. Lakini dunia ilishaacha kuilisha, na probu ikikatika waya siku moja mama mjamzito akiwa kitandani, Sista angebaki na kabati ghali.

Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya hospitali, kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Kila mwaka naona kliniki ndogo zikipoteza akiba kwa sababu mwenyewe alitazama bei na rangi, hakutazama soko. Hizi ndizo hatua ninazofuata mtu akiniomba ushauri.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike jina la mashine

Chukua daftari la wagonjwa la miezi mitatu. Hesabu wangapi uliwaelekeza kwingine kwa picha, na picha gani. Kama wengi ni wajawazito, jibu lako ni ultrasaundi: tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama apigwe angalau moja kabla ya wiki ya 24. Kama ni vifua na mifupa ya vijana wa bodaboda, hiyo ni eksirei. Usianze na katalogi. Ukianza nayo, yenyewe ndiyo itakuchagulia wagonjwa.

Hatua ya 2: Jua nani kamnunua nani

Nembo iliyo kwenye mashine huenda ni ya kampuni isiyofanya tena kazi hiyo. Samsung ilinunua Medison ya Korea 2011. Canon ilichukua kitengo cha vifaa vya hospitali cha Toshiba 2016. Fujifilm ikachukua cha Hitachi 2021. Januari 2023, GE HealthCare ilijitenga na mama yake, General Electric, ikawa kampuni yenyewe. Siemens Healthineers iliingia soko la hisa la Frankfurt 2018.

Hii si hadithi ya matajiri. Ukiuziwa CT, ile eksirei inayozunguka mwili na kutoa picha za vipande, yenye nembo ya Toshiba, mwenye wajibu wa spea na programu leo ni Canon, na huko ndiko pa kuuliza. Kampuni ikinunuliwa, mnunuzi hukaa akachagua modeli za kuendelea nazo na za kuziacha. Kwa hiyo kwa kila mashine unayoonyeshwa, andika vitu vitatu: ilitengenezwa mwaka gani, modeli yake ilikoma kutengenezwa lini, na nani anauza spea zake leo. Dalali asiyeweza kujibu la tatu, mwache aende zake.

Upande wa pili wako Wachina, na hawa usiwadharau. Mindray ya Shenzhen ilianza 1991, na ultrasaundi zake zimeshaingia kliniki nyingi. United Imaging ya Shanghai ilianzishwa 2011 na ikaingia soko la hisa 2022; yenyewe inatoa CT na MRI (mashine za picha za sumaku) kubwa kubwa. Miaka ishirini iliyopita mwenye kliniki alikuwa na njia mbili: ununue kwa wale wakubwa wa Ulaya, Marekani na Japani, au ununue mtumba wao. Siku hizi ipo ya tatu, nayo ndiyo imeshusha bei kuliko kitu kingine chochote nilichokiona.

Hatua ya 3: Uliza kwa nini mashine imetoka ilikotoka

Hapa ndipo pana utajiri, na ndipo watu wengi huruka.

Mashine ya mtumba haiji bandari ya Kilindini kwa bahati. Kuna sababu imeisukuma. Ulaya, chama cha watengenezaji kiitwacho COCIR kina kanuni zake: hospitali iwe na angalau asilimia 60 ya mashine zenye umri usiozidi miaka 5, na zilizopita miaka 10 zisizidi asilimia 10. Ni watengenezaji wanaosema hivyo, na wao wanataka kuuza, kwa hiyo lichukue neno lao kwa kipimo. Hata hivyo linakueleza kwa nini mashine za miaka 9 na 10 zinatoka huko zikiwa bado nzima. Hizo zafaa kutazamwa.

Sababu nyingine ni sheria. Marekani, bima ya serikali ya wazee ilianza 2017 kukata asilimia 20 ya malipo kwa eksirei ya filamu. Mwaka 2018 ikakata asilimia 7 kwa CR, ile ya kaseti inayosomwa kwenye mashine ya pembeni, na 2023 makato hayo yakapanda hadi asilimia 10. Shabaha ilikuwa kusukuma hospitali zihamie DR, ambapo paneli inatuma picha moja kwa moja kwenye kompyuta. Hospitali zikihama, visomeo vya CR vinatafuta mnunuzi mwingine, na mnunuzi huyo ni mimi na wewe.

Hilo lilinipita mimi mwenyewe. Mwaka 2019 nilimshauri daktari mmoja anunue kisomeo cha CR kilichotumika, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri mno. Kilifanya kazi. Lakini kila kaseti ina sahani ndani, na sahani huchakaa kwa kuingia na kutoka. Mwaka wa tatu picha za kifua zikaanza kuwa na mistari myembamba, mahali pale pale kila siku, na sahani mpya za ukubwa ule zikawa za kuwindwa. Daktari hakunilaumu. Mimi nilijilaumu, kwa sababu ile bei nzuri yenyewe ilikuwa inanieleza kwamba wenzetu wanakimbia, nami sikuuliza wanakimbia nini.

Japani nayo ina habari yake. Ni nchi yenye CT zaidi ya 100 kwa kila watu milioni, hakuna nchi inayoikaribia kirahisi. Kwa hiyo mtumba wao ni mwingi na mara nyingi umetunzwa vizuri. Lakini umeme wa nyumbani kule ni volti 100 na wetu ni 240. Kwa ultrasaundi ndogo, soma kibati cha nyuma kabla hujachomeka. Nimeshaletewa mashine iliyochomekwa kwa furaha asubuhi, ikanuka moshi kabla ya saa nne.

Hatua ya 4: Soma ripoti za bure kabla ya zile za kuuzwa

Kuna watu wanauza ripoti za soko kwa maelfu ya dola, kila moja na asilimia yake ya ukuaji. Weka mbili mezani utaona hazilingani, kwa sababu mmoja amehesabu mashine tupu na mwingine ameongeza huduma na programu. Kwa kliniki ya Kongowea hazina kazi.

Zenye kazi ni zile ambazo kampuni zenyewe hutoa kila robo ya mwaka kwa wenye hisa, na ziko kwenye tovuti zao. GE HealthCare, Siemens Healthineers na Philips zote zinatoa. Tafuta vitu viwili tu: oda zilizoingia zikilinganishwa na mauzo, na maneno wanayosema kuhusu China. Mwaka 2023 serikali ya China ilianza msako mkali wa rushwa katika hospitali, manunuzi yakazorota, na 2024 kampuni hizo tatu zote zililalamika kwamba China imepoa. Juni 2025 nao Umoja wa Ulaya ukazifungia kampuni za China zabuni za serikali za vifaa tiba zinazozidi yuro milioni 5.

Unganisha hayo mawili. Mzungu hauzi China kama zamani, Mchina amefungiwa zabuni kubwa za serikali Ulaya. Wote wanatafuta pa kuuzia, na Afrika Mashariki ni mojawapo. Kwa hiyo ukiletewa bei ya kwanza, hiyo si bei. Omba mafunzo, omba probu ya pili, omba dhamana ya mwaka wa pili kwa maandishi. Na kumbuka mwaka wa hesabu wa Siemens Healthineers unafungwa Septemba 30. Muuzaji yeyote mwenye lengo la kufikia huwa mlegevu zaidi wiki za mwisho wa kipindi chake.

Kama unapenda kuchimba, namba za forodha ni za dunia nzima: 9018.12 ni ultrasaundi, 9018.13 MRI, 9022.12 CT, 9022.14 eksirei nyingine za tiba. Ziandike kwenye tovuti ya Trade Map utaona nchi gani inamuuzia nani. Wakala wako wa forodha anazijua namba hizi kwa moyo, muulize.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya shilingi na ya meli

Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ule ilikuwa karibu 130. Mashine ya dola 20,000 ilishuka kutoka milioni 3.2 hadi milioni 2.6 bila muuzaji kupunguza chochote. Shilingi ikiwa imara, ndipo pa kulipa. Ikiyumba, omba bei ifungwe kwa shilingi.

Upande wa meli: tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, meli nyingi za Ulaya ziliacha Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo wa Hamburg ukawa wa kusubiri zaidi. Mzigo wa Shanghai haupiti huko kabisa, unakata Bahari ya Hindi na kuja. Uliza njia ya meli kabla hujamwahidi mtu siku ya ufunguzi.

Hatua ya 6: Vipya vipimwe

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Probu ya kuchomeka kwenye simu ni jambo la kweli: Butterfly ilipata kibali Marekani 2017, ikabadilisha fuwele za ndani kwa chipu ya silikoni, na bei ikashuka hadi karibu dola 2,000. Kwa wadi ya wazazi ni msaada mkubwa. Ila uliza ada ya programu ya kila mwaka, maana hiyo haionyeshwi kwenye picha.

Akili bandia inayosoma eksirei ya kifua nayo imefika. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani liliikubali kwa uchunguzi wa kifua kikuu kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Hapo naunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu madaktari wa kusoma picha ni wachache na wagonjwa wa kifua ni wengi. MRI isiyohitaji heliamu nyingi ya kupoza sumaku yake, kama ile ya Philips ya 2018 inayotumia lita 7 badala ya mamia kwa mamia, ni habari njema kwa hospitali kubwa. Kliniki ndogo ipite.

Hatua ya 7: Uliza umri wa programu, kisha umri wa chumvi

Ultrasaundi nyingi ndani yake ni kompyuta ya Windows. Windows 7 iliachwa Januari 2020, Windows 10 Oktoba 2025. Mashine inaweza kuendelea kufanya kazi, lakini usiiunganishe na intaneti ovyo. Hakikisha inatoa picha kwa DICOM, mfumo wa pamoja wa picha za hospitali, la sivyo picha zako zitafungwa humo milele. Kwa CT, muulize muuzaji mrija wa eksirei umeshapiga mara ngapi. Mrija mpya ni makumi ya maelfu ya dola.

Halafu ya kwetu: kusi ikivuma, chumvi inaingia kila tundu. Chumba cha mashine kiwe na kiyoyozi kisichozimwa usiku, na UPS (betri ya kushika umeme ukikatika) yenye stabilaiza ya kutuliza volti ndani ya bajeti, si baadaye.

Hatua ya 8: Kibali, kisha kontena

Eksirei na CT zina mionzi, kwa hiyo anza na KNRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nyuklia na mionzi iliyoundwa na sheria ya 2019, kabla hujajenga ukuta. Ultrasaundi haina mionzi ya namna hiyo.

Siku mzigo unapofunguliwa bohari, nenda mwenyewe na fundi wako. Kabla kreti haijaguswa tafuta kibandiko cha mshtuko kilichogandishwa ubavuni. Kikiwa cheupe, endelea. Kikiwa chekundu, kreti ilianguka au ilipigwa mahali fulani njiani. Kipige picha pamoja na namba ya kontena, mwite wakala aone, andika "kibandiko chekundu" kwenye karatasi ya kupokelea, ndipo utie sahihi.