Karatasi kwanza, mtu baadaye: kuchunguza malalamiko dhidi ya watumishi wa chama cha msingi

Mimi ni mwalimu mstaafu na mkulima wa korosho Newala. Kwa misimu mitatu nimekuwa kwenye kikosi cha wanachama watano tuliochaguliwa na mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kuchunguza malalamiko dhidi ya watumishi: karani, mtunza ghala, mpima mizani. Hatulipwi. Nawaandikia wenzetu wa Tandahimba, Masasi, Nachingwea na kwingine kote wanaoombwa kazi hii korosho zinapokaribia kuanguka.

Msipokee lalamiko hata moja kabla hamjapewa maandishi. Muhtasari wa mkutano useme mnachunguza nini, mnaruhusiwa kufungua daftari zipi, na taarifa mnampa nani. Mwajiri wa karani ni bodi ya chama. Kumwonya, kumsimamisha au kumfukuza si kazi yenu, hata mkiwa na hasira kiasi gani.

Sisi hilo tulilisahau msimu wa kwanza. Mama mmoja alileta magunia kumi aliyokuwa ameyapima nyumbani kwa mizani ya kuazima. Stakabadhi ikatoka na upungufu wa kilo 11. Jioni ileile tukamwita karani, tukamweka kati, watu watano kwa kijana mmoja, tukamuuliza kilo za watu kazipeleka wapi. Siku mbili baadaye ndipo tukafungua daftari la mapokezi. Gunia tupu la juti lina karibu kilo moja, na chama hutoa uzito wa gunia kabla ya kuandika. Kilo kumi zilikuwa za magunia. Ile moja iliyobaki ilikuwa ya mizani ya kuazima. Lakini kijijini yule kijana alishaitwa mwizi, na mama yake alishaacha kwenda kwenye shughuli za watu. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo anzeni na karatasi. Wekeni mezani stakabadhi ya mkulima, nakala iliyobaki kitabuni, daftari la mapokezi, hati za mizigo iliyokwenda ghala kuu na orodha ya malipo. Someni mstari kwa mstari, mmoja akitaja, mwingine akitia alama. Angalieni kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo na ni ya mwaka gani. Na msisahau unyaufu: korosho ambayo haikukauka vizuri hupungua uzito ikikaa ghalani, kwa hiyo upungufu wa safari moja haujathibitisha wizi. Pangeni safari zote za msimu pamoja na jina la aliyekuwa zamu. Upungufu ukijitokeza zamu ya mtu mmoja tu, mmepata swali la kumuuliza.

Kila mjumbe aseme mapema undugu wake na mlalamikaji au mtumishi. Huku kwetu msiishie kuuliza nani ni mtoto wa nani, ulizeni pia nani ni mjomba wa nani, maana mjomba ana sauti kubwa kwa mpwa wake. Mwenye undugu akae pembeni kwa shauri hilo. Na utani uachwe mlangoni. Mmakonde na Myao wanaweza kutaniana msibani, sawa, lakini mtu anayejibu tuhuma hawezi kujua lini anataniwa na lini anahukumiwa.

Mkishasoma, mwandikieni mtumishi barua yenye hoja zote. Kanuni za ajira za mwaka 2007 zinataka bodi impe mtumishi angalau saa 48 za kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, na aruhusiwe kuja na mwenzake. Nanyi fuateni hivyohivyo.

Kuchelewa kufungua ghala au kauli chafu, malizeni kwa mazungumzo na mwandike mlichokubaliana. Rushwa msiipeleleze wenyewe, mtaharibu ushahidi. Bodi iipeleke TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa. Binti akisema ameombwa ngono ili apimiwe haraka, asikilizwe na wanawake wawili, faraghani, mara moja tu. Asirudishwe kusimulia mbele ya wajumbe wote. Na lolote kati ya haya lisiingie kwenye kundi la WhatsApp la kijiji.

Taarifa yenu iseme kilichodaiwa, kilichoonekana, na ambacho hamkuweza kukijua. Msikisie. Mtumishi akifukuzwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na karatasi yenu inaweza kusomwa huko.

Mkikuta mtumishi hana kosa, iombeni bodi itangaze hivyo palepale alipochafuliwa. Sisi tulichukua miezi minne kufanya hivyo. Tulisimama kwenye mkutano mkuu, nikasoma hesabu ya magunia kumi gunia kwa gunia, kisha nikamwomba radhi karani kwa jina lake.