Somo: Namna ya Kuokota na Kubangua Kungu

Mikungu, miti inayozaa kungu, imejaa Dar es Salaam, lakini wengi wetu tunaijua kwa kivuli chake tu. Ndani ya kokwa yake mna kiini chembamba chenye ladha ya lozi.

Kwanza, utambue mti kabla ya kuliangalia tunda. Matawi ya mkungu hutanda kwa ngazi, na majani yake mapana hugeuka mekundu kabla ya kupukutika. Usiuchanganye na mbono kaburi unaopandwa kuwa ua wa kiwanja, kwa kuwa mbegu zake nyeusi zina utamu unaowalaghai watoto, kisha huwatapisha na kuwaharisha.

Pili, okota kungu zilizoanguka zenyewe, kwa sababu ile iliyopopolewa ikiwa mbichi huwa na kiini kisichokomaa. Achana na mti uliosimama juu ya mtaro wa majitaka. Tunda lenye alama za meno ya popo mimi huliacha lote, hata likinivutia.

Tatu, zianike juani hadi ganda likauke na kuwa jepesi.

Kubangua ndiko kwenye kazi. Ukiilaza kokwa bapa na kuigonga, utapondaponda kiini na kuambulia unga uliochanganyika na nyuzi. Isimamishe kwa ubavu juu ya jiwe, uishike kwa kipande cha kitambaa ili kunusuru vidole, kisha ugonge ukingo wake taratibu mpaka ipasuke kwa urefu. Takribani nusu ya uzito wa kiini ni mafuta, kwa hiyo kikikaa sana huchacha; ukile siku hiyohiyo au ukikaange bila mafuta.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu huvimba midomo akila korosho. Je, nimpe kungu?

Jibu: Marahaba. Usimwonjeshe hata kidogo kabla hajaonwa na daktari.

Swali: Je, majani ya mkungu hupikwa kama kisamvu?

Jibu: Hapana, sisi hatuyapiki kuwa mboga. Ukitaka majani ya mti, chuma machanga ya mlonge, uyapukuchue kutoka kwenye vijiti vyake na kuyapika kama mchicha.

Swali: Korosho mbichi nazo nizibangue hivi hivi kwa jiwe?

Jibu: La, ndugu yangu. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na kwa sababu hiyo huchomwa kwanza, nje ya nyumba, na mchomaji hukaa mbali na moshi wake.