Rimu nyepesi ifunge mbele, nzito ibaki nyuma

Ukitaka kupunguza uzito wa magurudumu ya baiskeli ya kuteremkia milima, usinunue rimu (pete inayoshika tairi) mbili zinazofanana. Mbele funga ya aluminiamu ya gramu 500 na kidogo, nyuma ya gramu 600 hivi, zote upana wa ndani milimita 30 na matundu 32 ya spoki. Gurudumu la mbele unaliona linakokwenda na mikono huliinua kabla ya jiwe. La nyuma hufuata tu, likigongwa huku limebeba mwili wako, ndiyo maana kingo zake hubonyea kwanza. Kaboni? Haibonyei, ila ikipasuka imekwisha. Aluminiamu iliyobonyea kidogo huweza kunyooshwa kwa koleo ukamaliza siku. Kabla ya kulipa pima kipenyo cha rimu pale spoki zinapoishia: kikipishana na cha zamani kwa milimita 3 au zaidi, nunua na spoki mpya. Mbinu hii haifanyi kazi tairi zikiwa na upepo mdogo. Nyuma ongeza psi 3 hivi (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kuliko mbele, la sivyo hata rimu nzito itakunjika.