Somo: Kuchonga modeli ya nyambizi H. L. Hunley kwa mbao ya mninga

Nyambizi hii iliundwa mjini Mobile, Marekani, mwaka 1863. Usiku wa tarehe 17 Februari 1864 ikitumiwa na majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, iliizamisha manowari ya Kaskazini, USS Housatonic, nje ya bandari ya Charleston, ikawa nyambizi ya kwanza kuzamisha meli ya adui vitani, lakini yenyewe haikurudi. Iliibuliwa kutoka chini ya bahari tarehe 8 Agosti 2000, na hapo ikabainika kwamba michoro iliyotegemewa kwa miaka mingi ilikuwa na kasoro kubwa. Naomba msomaji alizingatie hilo kabla hajashika msumeno, kwa sababu modeli nyingi ninazoonyeshwa bado zinafanana na pipa lililojaa vichwa vya ribiti (pini za kuunganishia mabamba ya chuma), ilhali chombo chenyewe kina umbo jembamba la samaki, na ribiti zake ziligongwa zikalala sawa na chuma.

Hatua ya kwanza ni vipimo. Chombo halisi kina urefu wa takribani mita 12 na upana wa mita 1.17, nacho kimo chake kinauzidi upana kidogo. Kwa kipimo cha 1:40 tunapata modeli yenye urefu wa sentimita 30, upana wa milimita 29 na kimo cha milimita 32.

Hatua ya pili ni mbao. Hapa Dodoma masalia ya mninga hupatikana kwa mafundi seremala, na vipande viwili vya unene wa milimita 15 vinatosha. Hakikisheni vimekauka barabara. Modeli yangu ya kwanza niliichonga kwa mbao mbichi, na baada ya wiki tatu za kiangazi chetu ikapasuka kuanzia omo hadi katikati. Viunganisheni vipande hivyo kwa gundi ya seremala, huku karatasi nyeusi ikiwa katikati yake. Mstari huo mweusi utabaki ukiwaonyesha kitovu cha chombo muda wote mnapochonga.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kazi yenyewe, ni kuchonga. Kateni vielelezo vya katoni ngumu: kimoja cha ubavu, kimoja cha mgongo, na vitano vya mkato wa mwili katika sehemu mbalimbali. Anzeni kwa kukata umbo la ubavu, kisha la mgongo, halafu ondoeni kona nne kwa randa ndogo hadi mbao iwe na pande nane, na ndipo muiviringe kwa tupa na msasa. Kila baada ya dakika chache wekeni kielelezo juu ya mbao na muinue vyote viwili kuelekea dirishani: panapopita mwanga pamekwisha kuliwa, na panapogusa bado pana mbao ya kuondoa. Msiharakishe kwenye ncha mbili, kwa kuwa mwili hupungua taratibu hadi kuwa kama ukingo wa kisu, na ukingo huo ndio unaoitofautisha Hunley na pipa.

Hatua ya nne ni viungo. Minara miwili mifupi ya kuingilia hukaa juu ya mgongo, na kati yake kuna vidirisha vya duara vilivyopangwa jozi jozi, ambavyo mimi huvitengeneza kwa matone ya gundi angavu. Mabawa ya kuzamia na rafadha ya mapanga matatu, iliyozungukwa na pete, hutoka katika bati la kopo la soda lililokunjwa mara mbili. Mlingoti wa kubebea baruti ulikuwa wa chuma, wenye urefu wa karibu mita 5, kwa hiyo spoku ya baiskeli iliyokatwa sentimita 12 inafaa kabisa. Ufungwe chini ya omo; michoro ya zamani iliuweka juu, na hilo ni kosa.

Rangi ni kijivu cheusi, mikono miwili myembamba. Pakeni alfajiri kabla upepo haujaanza, kisha funikeni kwa ndoo, kwani vumbi letu la mwezi wa nane halisamehe rangi mbichi.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Mpwapwa: Mwalimu, shikamoo. Je, ninaweza kuukata ubavu mmoja ili mabaharia waonekane?

Jibu: Marahaba. Inawezekana, na ninakusifu kwa wazo hilo. Chonga nusu mbili bila kuziunganisha, kisha ukombe ndani kwa patasi ya mviringo. Watu saba walizungusha mkono wa chuma uliokuwa ukiendesha rafadha, nao walikaa wote upande wa kushoto, huku nahodha akiwa mbele kwenye mnara. Mtu wa mita 1.7 ana milimita 42 kwa kipimo chetu, kwa hiyo utaona mwenyewe jinsi walivyolazimika kujikunja.

Swali kutoka Kondoa: Kwa nini tusianze na nyambizi Turtle ya mwaka 1776, ambayo ni ya zamani zaidi na ni fupi?

Jibu: Turtle yenyewe haipo tena, na mchoro wake unaosambaa ulichorwa karibu miaka 100 baadaye kwa kufuata maelezo ya maandishi. Anayejifunza anahitaji chombo ambacho vipimo vyake vimechukuliwa kwenye chuma chenyewe.

Swali kutoka Kongwa: Nikiiweka kwenye bwawa la Hombolo itazama na kuibuka?

Jibu: Hii itaelea tu, kwa kuwa ni mbao tupu. Hunley halisi ilikuwa na tangi la maji katika kila ncha, lililojazwa kwa kufungua valvu na kukaushwa kwa pampu ya mkono. Kuta za matangi hayo hazikufika juu, hivyo maji yaliweza kumwagikia walipokaa watu. Chombo hicho kilizama mara tatu, na watu 21 wakafa ndani yake. Ukitaka modeli ya kuzamia, tumia bomba la plastiki na uzibe matangi yako mpaka juu.