Kabla ya kujaza gesi ya AC, toa filta kwanza: namna ya kuibadilisha mwenyewe nyumbani

Mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kimekolea, mwalimu mmoja mstaafu aliniletea Fielder yake kutoka Njoro. Alikuwa ameshusha kioo kabla sijafika mlangoni.

"Fundi, gesi imeisha. Nijazie nirudi mapema."

"Karibu, Mwalimu. Hebu niweke mkono hapo kwanza."

Niliwasha feni hadi namba ya mwisho. Hewa ilitoka baridi kabisa, ila kama pumzi ya mgonjwa. Hapo jibu lilishapatikana. Gesi ikipungua, upepo hutoka kwa nguvu zake zote lakini ni wa joto. Upepo ukiwa baridi na dhaifu, kuna kitu kimeziba njia, na mara nyingi kitu hicho ni filta. Nilipoivuta, ile karatasi iliyotoka kiwandani nyeupe ilikuwa na rangi ya ugali wa wimbi. Kwenye mikunjo kulikuwa na makapi ya ngano, mbawa za kumbikumbi na vijani vya mjakaranda vilivyokauka.

Mwalimu aliiangalia kwa muda. "Na hii ndiyo nimekuwa nikivuta?"

Kazi hii haihitaji gereji. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa, mara ya pili dakika kumi. Natumia mfano wa Fielder na Axio kwa kuwa ndizo zimejaa barabarani kwetu, lakini Toyota nyingi zilizotoka Japani hufunguka hivyo hivyo au kwa tofauti ndogo. Magari kadhaa ya Ulaya huficha filta hii chini ya boneti, karibu na waipa. Kwa hayo fuata kitabu cha gari.

Filta tunayoizungumzia

Wengi huiita filta ya AC, jina linalopotosha kidogo. Hata kama hujawahi kubonyeza kitufe cha AC tangu gari litoke bandarini Mombasa, kila upepo unaotoka kwenye dashibodi, wa baridi au wa joto, umepita hapo. Kwenye Toyota hizi, hata ukiamua kuzungusha hewa ya ndani badala ya kuvuta ya nje, bado inapita kwenye filta hiyo hiyo.

Ushauri wa kawaida ni kuibadilisha kila kilomita 15,000 hivi au mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi penye vumbi. Basi sisi ndio penye vumbi. Husemwa kwamba jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na ukisimama upande wa ziwa upepo wa Januari ukivuma hutataka ushahidi mwingine. Anayetoka Milimani kuja mjini kwa lami tupu anaweza kufika kilomita 10,000 bila shida. Anayepita barabara za murami kila siku, Njoro, Rongai au Bahati, aichungulie kila baada ya 5,000. Niliwahi kutoa filta ya gari lililokuwa likishinda upande wa Kariandusi, ikawa kama imepakwa unga. Kumbe ule unga mweupe unaochimbwa kule, diatomaiti, viwandani hutumiwa kuchujia vinywaji. Chujio lilizibwa na chujio.

Kununua

Toa ya zamani kwanza, uipime kwa rula na kuipiga picha, ndipo uende dukani. Gari litakwenda bila filta kwa safari fupi. Zima feni tu. Namba za Toyota za filta hii huanza na 87139. Muuzaji akikupa boksi lenye 17801, hiyo ni ya injini, mrudishie.

Kuhusu vipimo sina mzaha. Duka moja liliwahi kuniuzia filta iliyopungua upana kama unene wa kidole kidogo. "Itaingia tu, fundi," akaniambia muuzaji. Iliingia kweli, tena kwa ulaini. Baada ya miezi mitatu niliifungua nikaikuta safi kama mpya, na feni chini yake imejaa vumbi. Hewa ilikuwa inapita pembeni, kwenye ule mwanya. Filta nzuri huingia kwa kusukumwa kidogo na hujaza nafasi yake pande zote.

Ziko aina mbili: nyeupe ya kawaida, na ya kijivu iliyotiwa mkaa. Ya mkaa hupunguza harufu, moshi wa malori hasa. Ukikaa sana nyuma ya matrela kwenye barabara kuu ya kwenda Eldoret, ongeza hela ununue hiyo. Kama shida yako ni vumbi peke yake, nyeupe inatosha.

Kufungua

Zima gari na utoe ufunguo. Sogeza kiti cha abiria nyuma kabisa, upige magoti hapo chini na tochi ya simu. Lile sanduku mbele ya magoti ya abiria, ambalo wengi wetu huliita dashibodi, limwage lote: risiti, miwani, vitabu vya gari, kila kitu. Juu yake kuna eabegi ya abiria. Huna kazi nayo. Ukiona nyaya zenye soketi ya manjano huko ndani, usizivute wala kuzichomoa.

Fungua sanduku uangalie pembeni mwake. Magari mengine yana kamba au mkono mdogo wa plastiki unaolifanya lishuke polepole. Uchomoe kwenye kipini chake kwa vidole, bila bisibisi. Kisha shika kuta mbili za sanduku, ya kulia na ya kushoto, uzibinye kuelekea ndani huku unalivuta kwako. Vile vizuizi viwili vya juu vitapita na sanduku litaanguka chini zaidi ya kawaida. Livute kwako litoke kwenye bawaba zake.

Hapa ndipo watu huvunja vitu. Asubuhi zetu zina baridi, na plastiki ya baridi hukatika kama biskuti. Ukiweza, subiri gari lipate jua kidogo. Sanduku likigoma usiongeze nguvu, tafuta kilicholishika; huenda ni kizuizi kimoja ambacho hakijapita.

Sasa utaona kifuniko cheusi cha mstatili, chembamba, kimelala. Kina klipu pembeni. Ibonyeze, kifuniko kitatoka. Kabla hujagusa kitu kingine piga picha ya ukingo wa filta, mshale na maandishi yake yaonekane. Utanishukuru baadaye.

Vuta filta ikiwa imelala sawasawa, taratibu, kama unavyobeba trei ya mayai. Takataka zote zimekaa juu yake na feni iko chini yake. Ukiinamisha, zinamwagika ndani ya feni. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikijifunza kazi nilivuta moja kwa pupa, jani likadondoka. Mwenye gari akafika nyumbani akanipigia simu: dashibodi inalia trrrr kama baiskeli iliyofungwa karatasi kwenye spoki. Nililala chali chini ya dashibodi saa nzima kufungua feni kwa sababu ya jani moja.

Kusafisha nafasi

Angaza ndani kwa tochi. Vumbi lililobaki lifute kwa kitambaa chenye unyevu, au tumia vakyumu ukiwa nayo. Usipulize kwa upepo wa kompresa kama wafanyavyo kwenye sehemu za kuosha magari. Unalisukuma vumbi ndani zaidi, likutane na unyevu kwenye evaporeta, kile kifaa cha AC kinachopoza hewa, lifanye tope.

Ukikuta vipande vya magodoro, punje za mahindi na kinyesi cheusi, una panya. Kwa wanaolaza magari karibu na ghala hilo si jambo geni. Vaa glovu na barakoa, nyunyizia dawa ya kuua vijidudu, acha dakika chache, ndipo uokote kwa karatasi. Usifagie kikavu. Kinyesi cha panya kikipeperuka ukakivuta puani, kinaweza kukuletea ugonjwa.

Mshale

Watu wengi hukosea hapa, mafundi tukiwemo. Filta nyingine zimeandikwa UP na mshale. Nyingine zimeandikwa AIR FLOW na mshale. Si kitu kimoja. UP maana yake ni upande huu ukae juu, kwa hiyo mshale utazame juu. AIR FLOW ni mwelekeo wa hewa, na kwenye Toyota hizi hewa huingia kutoka juu ikashuka kwenye feni, kwa hiyo mshale huo utazame chini. Mtu anaweka filta mpya ya AIR FLOW kwa kuiga ile ya zamani ya UP, anageuza kila kitu. Soma neno kwanza, mshale baadaye.

Kabla ya kuiingiza, andika tarehe na kilomita kwenye ukingo utakaokutazama. Isukume taratibu hadi mwisho bila kukunja pembe. Kifuniko kikikataa kufunga, filta haijaingia yote. Itoe uanze upya. Ukisikia klipu zikilia "tak", rudisha sanduku: bawaba za chini kwanza, kisha binya kuta lipite vizuizi, mwisho ile kamba. Wengi huisahau kamba, na siku ya pili sanduku linamwangukia abiria magotini.

Jaribu

Washa gari, feni namba ya mwisho, dakika mbili. Sikiliza. Mlio mpya unaogongagonga ni kitu kilichoanguka kwenye feni, zima uangalie. Weka mkono kwenye matundu ya hewa, utasikia tofauti.

Upepo ukiwa na nguvu lakini bado ni wa joto, sasa ndiyo uzungumze habari ya gesi, na mwambie fundi atafute inakovuja kabla hajajaza. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa. Ikipungua sana, kuna mahali inatoka, na ukijaza bila kuziba umelipia wiki chache za baridi.

Harufu ya soksi mbichi ikibaki hata baada ya filta mpya, ukungu umeshika kwenye evaporeta. Jaribu kuzima AC kilomita mbili tatu kabla ya kufika nyumbani na kuiacha feni ikipuliza, unyevu ukauke. Zulia la abiria likilowa, angalia bomba la kutoa maji ya AC, huenda limeziba.

Kuhusu kuosha ile ya zamani, naulizwa kila wiki. Usiioshe. Maji hulegeza nyuzi na kuharibu mikunjo, na ya mkaa hairudishiwi nguvu kwa sabuni. Unaweza kuigongesha chini mara moja ikusogeze hadi mwisho wa mwezi, basi.

Mwalimu alitaka kuirudisha ile kuukuu nyumbani amwonyeshe mama. Niliifunga kwenye gazeti. Kwenye mpya aliandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu aliyoitoa mfuko wa shati: tarehe, kilomita, halafu akapiga mistari miwili chini yake.