Kulifikisha lori la jeshi Pemba: kutoka bandari ya Malindi, Unguja, mpaka Konde

Lori la jeshi lililouzwa mnadani Uingereza humlevya mnunuzi kwa mambo mawili: kilomita chache kwenye saa yake, na chasisi nene kuliko ya lori lolote la Kijapani bandarini. Mwenye karafuu analitaka, mwenye matofali analitaka, na siwalaumu. Njia zetu za shamba wakati wa masika zinadai gari ya difu mbili. Ila mengi ya malori haya, Bedford au Leyland DAF, yamesimama miaka uwanjani yakiwashwa kwa nadra. Chuma kizima, raba imekufa. Ndiyo maana naiogopa safari ya kwanza kuliko zote zitakazofuata, na hapa nazungumzia hiyo tu. Anayebaki Unguja aruke habari ya meli na milima. Mengine yote yanamhusu.

Hatua ya 1: Usiliwashe kwanza

Muuzaji atataka uusikie mngurumo. Mwambie asubiri. Pima oili, tazama maji ya rejeta, kisha fungua nati ya chini ya tangi la dizeli na ukinge kwenye chupa nyeupe. Iache itulie robo saa. Maji hukaa chini, dizeli juu, na ukiona utando mweusi kama kamasi katikati, hilo tangi lishushwe na lioshwe. Nunua filta mbili za dizeli: moja funga leo, ya pili weka kwenye kibini. Takataka iliyolala miaka chini ya tangi huamka gari ikianza kutikisika, na huziba filta mpya kabla hujafika mbali.

Umeme wake ni volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Usikubali mtu akuletee waya kutoka kwenye Noah yake. Volti 12 hazitazungusha staata ipasavyo, na waya zikifungwa vibaya, ni Noah itakayoungua vifaa vyake. Kama betri zimekufa, azima mbili nzima, unganisha chanya ya moja na hasi ya nyingine, kisha uchukue umeme kwenye ncha mbili zilizobaki.

Hatua ya 2: Breki

Hapa usiwe na haraka, na kama fedha ni chache, zimalize hapa.

Jua kwanza yako ni breki ya mafuta, ya upepo, au ya mafuta inayosaidiwa na upepo. Kwa ya mafuta, kanyaga pedali kwa nguvu, injini ikiwa inafanya kazi, na uishikilie dakika nzima. Ikizama polepole, kuna raba inayopitisha, hata kama huoni tone chini ya gari. Kunja kila mpira wa breki kwa mkono: ukiona nyufa, mpira huo umekwisha. Mafuta yote ya zamani yatoke, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka yaje safi bila mapovu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu yakikaa, na kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto ule unyevu huchemka na kuwa mvuke. Pedali inakwenda hadi sakafuni, gari haisimami. Unguja tambarare huenda usilijue hilo kamwe. Pemba utalijua siku ya kwanza.

Kwa ya upepo, jaza matangi, zima injini, uiangalie saa ya upepo. Mshale ukishuka mbele ya macho yako, zunguka na maji ya sabuni utafute pengo. Mwaga pia maji yaliyokusanyika ndani ya matangi.

Hendibreki ijaribu palipo na mwinuko, mtu akiwa tayari na kabari nyuma ya tairi.

Hatua ya 3: Tairi

Usitazame meno. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho wa namba ya kiwandani: 3208 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2008. Tairi za jeshi huja na meno kama mapya na umri wa kijana wa skuli ya sekondari. Ubavu wenye nyufa ndogondogo hupasuka ukishapata joto la lami.

Vijana wa pancha waambie mambo mawili kabla hawajashika spana. Malori mengi ya zamani ya Uingereza yana nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume. Asiyejua hupanda juu ya bomba na kuikata bolti. Pili, baadhi ya rimu za jeshi ni vipande viwili vilivyobanwa kwa nati zake zenyewe, na kwenye magari ya Waingereza nati hizo mara nyingi hupakwa nyekundu. Hizo haziguswi tairi ikiwa na upepo. Rimu ikiachana hapo, inaua.

Hatua ya 4: Taa, rangi na karatasi

Swichi ya taa ya gari ya jeshi ina nafasi nyingi kuliko unavyohitaji, na baadhi yake ni za kutembea gizani kwa msafara: taa zote huzima, hubaki kitaa kidogo kinachomulika difu ya nyuma iliyopakwa nyeupe ili dereva wa nyuma aifuate. Ukiiacha hapo bila kujua, taa za breki zinaweza zisiwake kabisa. Tafuta nafasi ya kawaida, itie alama ya rangi, na ujaribu kila taa mtu akiwa nyuma.

Kijani cha jeshi na mabaka kiondoke kabla gari haijagusa barabara. Rangi yoyote ya kiraia inafaa. Linganisha namba ya chasisi na kila karatasi wewe mwenyewe, na bima iwe mkononi kabla ya kutoka getini.

Hatua ya 5: Meli

Mwenye meli mwambie uzito wa kweli, na lori lipande tupu. Utashawishiwa na kila jamaa: mifuko ya saruji, mabati, godoro la shangazi. Kataa. Mv Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikienda Pemba, imejaa kupita kiasi, na sioni sababu ya mtu wa kwetu kuhitaji maelezo zaidi ya hayo.

Ulizia maji. Yakiwa yamepwa sana wakati wa bamvua, ulalo wa daraja la meli hubadilika na lori refu linaweza kukwaruza chini. Panda kwa gia ya chini kabisa, taratibu, utingo mmoja tu ndiye akuelekeze. Ndani: hendibreki, gia ya kwanza, kabari mbele na nyuma, na minyororo ifungwe kwenye chasisi, si kwenye bampa wala ngazi. Chomoa waya wa betri. Wakati wa kusi mkondo wa Nungwi hutikisa, na minyororo iliyolegea kidogo Malindi hulegea sana huko.

Hatua ya 6: Mkoani hadi Konde

Ukitoka bandarini Mkoani unaanza na mlima. Vizuri, maana injini itajisema mapema. Mkono uwe tayari, jicho kwenye saa ya joto.

Kushuka, tumia gia ileile ambayo ungeipandia. Breki ziguse kidogo na kuachia, usizikalie. Difu ya mbele isiunganishwe kwenye lami kavu, hata kama rafiki yako anasema ndiyo raha ya gari: magurudumu hayapati pa kuteleza, na mfumo mzima wa gia hujikaza mpaka kitu kivunjike. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa unatosha.

Simama Mtambile. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu, kisha uguse. Vyote viwe na joto linalolingana. Kimoja kikichoma, breki yake haiachii au beringi inakufa, na safari inaishia hapo mpaka kifunguliwe. Kaza nati zote za magurudumu upya. Rudia Chake, rudia Ole.

Msimu wa karafuu punguza zaidi mwendo. Majamvi huanikwa mpaka ukingoni mwa lami, na mwenye karafuu hatakuelewa ukimwambia breki zako bado unazijaribu.

Ukifika Konde, egesha pasawa, tia kabari, na usimruhusu mtu apakie chochote kesho yake. Fungua filta ya dizeli, mimina kilichomo kwenye chupa nyeupe. Kikiwa kichafu, funga ile ya pili na uoshe tangi kabla ya mzigo wa kwanza.